Pembe za Shamba ni za Nani?

Maandiko ya juma: Kutoka 23:10–11, Mambo ya Walawi 19:9–10, Kumbukumbu la Torati 22:6–7, Yona 4



Juma hili sitaleta somo lililonyooka kama tulivyozoea. Nataka niwape swali nililoulizwa, jibu baya nililolitoa, na jibu ambalo Bwana amenisaidia kulitafuta baadaye. Mliokuwa kanisani Jumapili mlisikia kwa ufupi. Hapa nimeliandika lote, ili hata ndugu zetu wa ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui, walisome na kulipima.

Swali lilikuja hivi. Jumapili moja mwezi wa Tisa, wakati watu wanaandaa mashamba kungoja mvua za vuli, mama mmoja mjane alinisubiri karibu na mlango. Mama huyu ana ekari nne. Tatu analima mahindi, ndengu, kunde na mbaazi. Ekari ya nne, kule chini karibu na korongo, haijawahi kulimwa. Ni kichaka cha migunga na nyasi ndefu, na ndani yake imening'inia mizinga mitano ya marehemu mume wake. Alikuwa amesikia kwamba mbarika ina soko. Na kijana wake wa kidato cha pili alikuwa nyumbani, amerudishwa kwa sababu ya karo.

Akaniuliza, "Pasta, nikifyeka kile kichaka chote nipande mbarika, nitakuwa nimemkosea Mungu? Kuna viumbe vingi mle ndani, na baba ya watoto alikuwa anasema kisiguswe."

Kusema ukweli, nilikuwa na haraka. Wazee walikuwa wananingoja kwa kikao. Nikamwambia, "Mama, ardhi ni yako, na Mungu alimpa mwanadamu mamlaka juu ya wanyama. Wewe lipia mtoto karo." Nikaingia kikaoni.

Sasa ona. Jibu langu lilikuwa na andiko ndani yake. Mwanzo 1 iko hapo, haijafutwa. Lakini usiku ule nilikosa amani. Nilijiuliza: je, mwenye ardhi anaweza kumaliza kila kitu kilicho juu yake, mpaka kichaka cha mwisho, bila kumkosea mtu yeyote? Au kuna mwingine mwenye haki mle ndani, ambaye sisi hatumhesabu kwa sababu hawezi kuja kusimama mlangoni baada ya ibada?

Kabla sijajibu, wacha niseme kuhusu mbarika yenyewe, ili mtu asidhani nailaani. Mbarika si mgeni kwetu. Sisi Wakamba tunaujua kama mwaiki; umeota kando ya nyumba zetu tangu zamani, na nyanya zetu walikamua mafuta yake kulainisha ngozi. Unavumilia ukame. Kilicho kipya ni soko. Mwaka wa 2022, mwezi wa Saba, kampuni ya Eni ya Italia ilifungua hapa Makueni kituo cha kukusanya na kukamua mbegu za mafuta: mbarika, mbegu za pamba, na njugu za mti tunaouita muthulu. Mwezi wa Kumi mwaka huo huo shehena ya kwanza ya mafuta ilisafirishwa kutoka Kenya mpaka kiwanda cha Gela, kule Sicily, kugeuzwa kuwa mafuta ya magari na ndege. Mei 2023, ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi mpaka Amsterdam ikiwa imechanganyiwa mafuta ya aina hii. Kampuni yenyewe inasema mimea hii ni ya ardhi iliyochoka, au ya kupokezana na mazao mengine, isishindane na chakula. Hilo ni neno zuri. Lakini neno la kampuni haliamui ni wapi mimi na wewe tutatia jembe. Hilo tunaamua wenyewe, na ndiyo maana nasema ni swali la dhamiri.

Tena mimi nina sababu ya kuogopa. Wengi wenu mnakumbuka jatrofa. Kwenye mwaka wa 2007 hivi, nchi nzima ilikuwa inaongea jatrofa: ati inaota kwenye mawe, ati haitaki maji, ati itatutoa kwa umaskini. Mimi nilikuwa mmoja wa walioamini. Matuta yangu ya fanya juu yalikuwa na kingo za nyasi ambazo baba yangu alizipanda. Nilizing'oa zote nikatia miche ya jatrofa, mpaka kwenye ukingo wa mwisho. Walioniuzia mbegu walisema watarudi kununua mavuno. Mpaka leo sijawaona. Na mwaka wa 2009 ikatoka ripoti, iliyoandaliwa kwa ajili ya shirika la Ujerumani la GTZ pamoja na wataalamu wa ICRAF na KEFRI, waliokwenda kupima mashamba ya wakulima wa Kenya. Ilishauri kwamba mkulima mdogo asiipande jatrofa kama zao la shambani. Kama anaitaka, aipande kama ua tu.

Hasara ya pesa niliisahau. Kile ambacho sikusahau ni kingo. Zilikuwa na kware. Zilikuwa na sungura ambaye watoto wangu walimjua, kila asubuhi anatoka mahali pale pale. Na nyasi zile ndizo zilizokuwa zimeshika udongo; zilipokwisha, mvua kubwa ilibomoa tuta mbili kwa usiku mmoja. Nilijenga tuta upya. Kware nilingoja miaka mingi kabla ya kuwasikia tena.

Kwa hivyo mama yule alipoondoka na jibu langu, alienda na jibu la mtu aliyewahi kukosea jambo hilo hilo na akakosa kulitaja. Hapo ndipo moyo uliponichoma.

Sasa tuingie kwenye Neno.

Sheria ya Musa inamtambua mwenye shamba. Haisemi shamba ni la kila mtu. Lakini katika Walawi 19 inamwekea mpaka: asivune mpaka pembeni kabisa, wala asirudie kuokota yaliyoanguka. Yale ya pembeni ni ya maskini na mgeni. Tazama vizuri: Mungu hasemi mwenye shamba avune yote halafu awe mkarimu akipenda. Anasema pembe zisiguswe. Maana yake ni kwamba zile pembe, ingawa ziko ndani ya ua wako, hazikuwa zako tangu mwanzo. Ukizivuna, huwezi kusema umekosa ukarimu tu. Umechukua cha mtu.

Halafu Kutoka 23 inakwenda mbele zaidi. Mwaka wa saba ardhi iachwe ipumzike. Nani ale kinachoota chenyewe? Maskini wa watu wako kwanza. Na watakachobakisha, wanyama wa mwituni wale. Nimehubiri miaka mingi, na nakiri kwamba nilikuwa nasoma mstari huo mpaka kwa maskini halafu naruka. Lakini wanyama wa porini wako pale, kwenye orodha ya wenye haki ya shamba, wameandikwa na mkono ule ule. Si ng'ombe wako, si punda wako. Ni wale ambao hawana mwenyewe isipokuwa Mungu.

Na Kumbukumbu la Torati 22 inashuka mpaka kwenye kiota. Ukikuta ndege amelalia mayai au makinda, usimchukue mama pamoja na watoto; mama umwache aende. Agizo dogo kabisa. Lakini angalia ahadi iliyofungwa nalo: upate heri na siku nyingi. Ahadi hiyo uliisikia wapi tena? Kwenye amri ya kuheshimu baba na mama. Mungu amechukua ahadi ya amri ile kubwa akaiweka pia juu ya kiota. Na sababu si ngumu kuiona. Anayechukua mama na makinda pamoja amemaliza ukoo wote. Anayemwacha mama amekula leo, na ndege watakuwepo kesho. Ruhusa ya kutumia ipo. Ruhusa ya kumaliza ndiyo haipo.

Najua kuna ndugu atanijibu kwa maneno ya Paulo. Katika 1 Wakorintho 9 Paulo anataja ile sheria ya kutomfunga ng'ombe kinywa wakati anapura nafaka, halafu anauliza kama Mungu anajishughulisha na ng'ombe, au anasema kwa ajili yetu. "Unaona, Pasta? Mambo ya wanyama ni mifano tu." Hapana, ndugu yangu. Fuata hoja yake. Paulo anataka kuonyesha kwamba mhubiri anastahili kula kutokana na kazi yake. Anaanzia kwa ng'ombe kwa sababu haki ya ng'ombe inajulikana: kama hata ng'ombe hafungwi kinywa, si zaidi mtu? Ukisema ng'ombe hana haki yoyote, umekata mguu wa kwanza wa hoja, na mhubiri naye anaanguka nayo. Mimi ninayeishi kwa sadaka zenu siwezi kusoma andiko hilo hivyo!

Kuna mwingine atasema, na huyu ana uchungu wa kweli, "Pasta, wewe unawatetea wanyama, lakini umewahi kuamka ukute tumbili wamemaliza mahindi? Umewahi kulala karibu na Tsavo ndovu wakipita?" Nakusikia. Watu wa Kibwezi na wa Ikutha hawahitaji kufundishwa habari ya wanyama na mtu anayelala salama. Sheria ya Mungu haikusema umpe ndovu shamba lako. Haikukataza ua, wala kumfukuza kwelea kwenye mawele. Kulinda mazao ni haki. Lakini kumzuia mwizi ni jambo moja, na kubomoa kila nyumba kijijini ili mwizi asipate pa kulala ni jambo lingine. Katika kile kichaka cha mama, ni wangapi waliomwibia? Nyuki hawakumwibia, tikitimaji na embe zetu za Makueni zinahitaji wadudu wa kuzichavusha, na nyuki ni mmoja wao. Bundi, ambaye tunamwogopa bure kama mleta kifo, anakula panya wanaotuharibia ghala. Kanga wa porini anachakura wadudu. Mlembe, yule ndege anayekuita mpaka kwenye asali, amewasaidia babu zetu kuliko maafisa wengi.

Na kuna mmoja ambaye sikumjua kwa jina mpaka hivi karibuni. Ni ndege wa rangi ya kahawia mwenye magamba-magamba meupe kifuani, anayetembea kwa kikundi kidogo chenye kelele, jamii nzima ikisaidiana kulea makinda. Wataalamu wamempa jina la Hinde, afisa mmoja wa enzi ya ukoloni aliyekuwa huku Ukambani. Ndege huyu yuko Kenya peke yake: sehemu za Machakos, Kitui, Embu, mpaka Nyeri. Uganda hayuko, Tanzania hayuko. Na mahali anapoishi, kwa sehemu kubwa, si mbuga ya serikali. Anaishi kwenye vichaka vinavyobaki kati ya mashamba na kando ya mito. Kichaka kikifyekwa chote, kikundi kinatoweka. Fikiria hilo kidogo. Mungu ameweka kiumbe ambacho hakipo kwingine popote duniani, akakikabidhi si kwa mfalme wala kwa KWS, bali kwa watu wenye ekari nne.

Si sisi peke yetu tuliokutana na swali hili. Kule Dakatcha, karibu na Malindi, kulikuwa na mpango wa kulima jatrofa kwenye msitu na mashamba ya watu, karibu hekta 50,000. Dakatcha ndiko anakoishi kwera wa Clarke, ndege ambaye hapatikani nje ya Kilifi. Watu walipinga, na NEMA haikutoa kibali. Mwaka wa 2011, utafiti uliofanywa kwa ajili ya ActionAid, RSPB na Nature Kenya ulikadiria kwamba mafuta yale, ukihesabu msitu ambao ungekatwa na safari ya kwenda Ulaya, yangechafua hewa mara mbili unusu mpaka mara sita kuliko mafuta ya kawaida. Dawa ingekuwa kali kuliko ugonjwa.

Hata Ulaya wenyewe waliwahi kuwa na kitu kinachofanana na pembe za shamba. Kwa miaka mingi wakulima wakubwa walitakiwa kuacha sehemu ya ardhi, mara nyingi karibu sehemu moja ya kumi, bila kulima. Nia ilikuwa kupunguza nafaka iliyozidi, si ndege. Lakini ndege waliingia humo, kama yule kipozamataza anayeimba akipaa. Bei ya nafaka ilipopanda, agizo likasimamishwa kwa mavuno ya 2008, kisha likafutwa. Na huko Ujerumani mahindi ya kutengeneza gesi yakaenea sana mashambani. Kwa hivyo si ujinga wa mkulima wa Kiafrika. Ni moyo wa binadamu: bei ikipanda, pembe ndiyo ya kwanza kuliwa.

Sasa nimefika mahali pagumu, na hapa nawaomba mniombee.

Ningeishia hapo, ningeweza kumrudia yule mama na kumwambia: "Mama, nilikosea. Kichaka ni pembe ya Mungu. Kiache." Na ningejiona nimehubiri vizuri. Lakini nilipokuwa najiandaa hivyo, nilisoma tena orodha ya Kutoka 23. Maskini kwanza. Kisha wanyama. Na mjane mwenye mtoto aliyefukuzwa shule ni nani katika orodha hiyo? Si Boazi. Yeye ni Ruthu! Yeye ndiye ambaye pembe ziliwekwa kwa ajili yake. Sasa mimi ni nani nimwambie Ruthu aache masuke kwa ajili ya sungura, wakati mafuta yanakwenda kurusha ndege ambayo yeye hataipanda maisha yake yote?

Sisi wahubiri tuna dhambi yetu hapa, niiseme wazi. Tunapenda sana mjane wa Sarepta, aliyempa Eliya mkate wa mwisho. Tunamtumia kuwaomba wajane watoe. Ni rahisi kumwomba maskini sadaka, hata sadaka ya ndege na nyuki, kwa sababu maskini amezoea kutoa. Lakini sheria ya pembe iliandikiwa mwenye mavuno. Kadiri ulivyovuna ndivyo pembe yako inavyokuwa kubwa. Anayekula mafuta ya mbarika akiwa juu angani ana pembe. Anayenunua na kuuza ana pembe. Kanisa lina pembe. Mjane naye anayo, sitasema hana, maana hata yeye amepewa viumbe vya Mungu mkononi. Lakini yake ni ndogo, na hapaswi kuombwa ya kwake mpaka sisi wengine tuwe tumetoa za kwetu.

Nikaenda kwake siku ya Alhamisi. Sikuwahi. Nusu ya kichaka ilikuwa imeshalala chini, matawi yamekusanywa yachomwe. Mizinga miwili ilikuwa imeshushwa, iko kando ya choo, mitupu. Nilianza kueleza. Aliniangalia, akasema kwa upole tu, "Lakini Pasta, si wewe ulisema ni sawa?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba msamaha pale shambani. Halafu akaniuliza la pili, na hili ndilo limenifanya niandike haya yote: "Na ile ploti ya kanisa, pembe yake iko wapi?"

Wapendwa, mnajua jambo analolizungumzia. Kikao kile nilichokuwa nakimbilia siku ile kilikuwa kuhusu shamba la kanisa. Tulikuwa tumekubaliana kulifyeka lote, mpaka ule mstari wa miti kando ya korongo, tupande mbarika tupate pesa za mabati. Mimi ndiye niliyeomba baraka.

Nilirudi nyumbani nikafungua Yona 4. Mnakumbuka ule mmea ambao Mungu aliuotesha usiku mmoja umfunike Yona kivuli? Biblia yetu inauita mtango. Lakini kwa Kiebrania ni kikayoni, na wasomi wengi wa Biblia wanaamini kwamba huo mmea ulikuwa mbarika. Yes, wapendwa, mbarika! Yona aliufurahia sana, na ulipokauka alikasirika mpaka akataka kufa. Ndipo Mungu akamuuliza: unauhurumia mmea ambao hukuupanda, na mimi nisiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua mkono wa kulia na wa kushoto? Na kitabu kinaisha na neno gani? Kinaisha na wanyama. Ninawi ina watu, na pia ina wanyama wengi, na wote wawili wanahesabiwa katika huruma ya Mungu. Swali hilo halikujibiwa na Yona. Kitabu kinafungwa likiwa wazi.

Mimi nimejaribu kulijibu hivi. Mbarika si dhambi. Ina nafasi yake kwenye ardhi iliyochoka, ambayo hata sungura ameihama. Ina nafasi ikichanganywa na ndengu na kunde, na kupokezana nazo. Lakini mwenye watoto na kuku awe mwangalifu: mbegu zake zina sumu kali, na mashudu yake usimpe ng'ombe; yarudishe shambani kama mbolea. Penye chakula, chakula kikae. Na penye kichaka cha mwisho, kando ya korongo, kwenye kingo za matuta, hapo pana wenyewe tayari. Mwenye kulima aishie hapo.

Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili kutakuwa na mkutano wa washirika wote. Mimi nitaomba mambo mawili. La kwanza, mstari wa miti kando ya korongo kwenye shamba la kanisa usikatwe, na mizinga iwekwe humo. Mabati yatachelewa, nimewaambia wazee, na wengine hawakufurahi. La pili, sehemu ya kumi ya chochote shamba hilo litakachotoa, iwe mbarika, iwe ndengu, iwe asali, iwe ya karo za watoto wa wajane wetu, kuanzia na kijana yule. Siwezi kumwomba mama aache nusu ya kichaka iliyobaki kama sisi hatujaacha kitu. Hizo mbili zinakwenda pamoja. Mkikataa la pili, nawasihi msipitishe la kwanza, maana tutakuwa tumewapenda ndege kwa gharama ya Ruthu.

Mama bado hajaamua kuhusu nusu iliyobaki. Sikumshinikiza. Mizinga mitatu ingali juu.

Maombi: Baba, dunia ni yako na vyote viijazavyo. Tusamehe tulipovuna mpaka pembeni na kuita baraka. Tupe macho ya kuwaona wasioweza kuja mlangoni kutuuliza. Na tunapotaka kutoa, tuanze na cha kwetu. Katika jina la Yesu, Amina.

Kwa ushirika wa nyumbani juma hili:
1. Katika shamba lako, pembe iko wapi? Ni nani anayeishi humo sasa?
2. Je, ni haki kumwomba mtu maskini atunze viumbe vya porini? Ni nani anayepaswa kutoa kwanza?
3. Someni Yona 4 kwa sauti. Kama Mungu angekuuliza wewe swali lile la mwisho, ungejibu nini?